Eropleni za Kwanza za Ziwa Letu, na Ufa Usioonekana



Sisi tukaao Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, twaijua sauti ya eropleni kama tunavyoijua kengele ya kanisa. Watoto wakiisikia hutoka mbio na kuinua macho. Wakubwa huendelea na kazi zao. Barabara zetu nazo twazijua. Mvua zikishika, lori hukwama matopeni siku tatu, pengine juma zima, na abiria hupika na kulala kando yake. Kwa hiyo dawa za hospitali, mgonjwa asiyeweza kungoja, barua, hata Padre aitwaye mbali, mara nyingi hutiwa katika eropleni ndogo yenye viti vichache, na watu hubaki wakiomba ifike salama.

Mwaka mmoja tulisafiri katika eropleni ya namna hiyo. Tulipofika kwenye kiwanja cha udongo, eropleni ilipiga chini kwa kishindo, ikaruka juu, ikapiga tena, ndipo ikatulia na kwenda mbio hadi mwisho wa kiwanja. Mama mmoja alifanya ishara ya Msalaba. Abiria wengine wakapiga makofi. Tulidhani mambo yamekwisha. Ilikuwa tupumzike nusu saa tu, kisha tuendelee na safari. Lakini rubani alimwita fundi wake, akamwambia mbele yetu sote, “Nimetua vibaya. Tazama vizuri.” Fundi akajilaza chini ya tumbo la eropleni, taa mkononi. Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Sisi tukaanza kunung'unika. Tulikuwa na vitabu vya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na watoto walikuwa wakitungoja. Tulisema maneno ambayo katekista hapaswi kuyasema. Mwishowe fundi akatuita, akatuonyesha nyuma ya mguu wa mbele mahali ambapo bati lilikuwa limekunjamana. Kunyanzi lenyewe halikuzidi urefu wa kidole. Tulilala hapo siku mbili.

Aibu ya siku ile ndiyo iliyotufanya tutafute habari za eropleni ndogo na za kutua kwa kishindo. Tukatambua kwamba habari hizo zina historia ndefu katika nchi zetu, na kwamba sehemu moja ya historia hiyo ilitendeka hapa hapa, katika maji ya ziwa letu.

Mzinga uliotoka pwani

Ili kuelewa jinsi eropleni zilivyofika kwetu, yatupasa kwanza kwenda mbali, hadi pwani ya Bahari ya Hindi, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilizamisha meli ya vita ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Kisha ikajificha katika midomo ya mto Rufiji, kati ya mikoko mirefu. Waingereza walizunguka baharini wasiweze kuiona. Ndipo wakamwajiri rubani mmoja kutoka Durban, jina lake Cutler, aliyekuwa na eropleni ya kutua majini. Mwezi Novemba 1914 Cutler akaiona manowari ile kutoka angani. Chombo chake kilikuwa dhaifu hata kifaa cha kupozea injini kilipoharibika iliwabidi kutafuta kingine katika motokaa ya Ford huko Mombasa.

Eropleni zilizoletwa baadaye ziliteseka pia. Zilijengwa kwa mbao, nyaya na kitambaa, na viungo vya mbao vilishikwa kwa gundi. Joto na unyevu wa pwani vililegeza gundi hiyo. Hewa ya joto ni nyepesi, hivyo mabawa hayakupata nguvu ya kutosha kuinua mzigo. Chombo kilichokuwa kizima Ulaya kiligeuka mgonjwa kilipofika Mafia.

Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull pamoja na mwenzake Arnold waliruka kutoka Mafia ili kuwaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza waliokuwa ndani ya meli mbili mtoni, Severn na Mersey. Eropleni yao, aina ya Henri Farman, ilipigwa, na injini ikafa. Walipokuwa wakishuka bila injini, Arnold hakuacha kupeleka habari kwa simu ya upepo, akiwaambia wapiga mizinga warekebishe shabaha. Farman ile ilikuwa na magurudumu ya nchi kavu, lakini chini yao palikuwa na maji matupu. Ilipogusa mto ilipinduka juu chini. Cull alibanwa chini ya maji, akajinasua kwa shida. Mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Siku hiyohiyo Königsberg ikawa mwisho wake.

Lakini mizinga yake haikuzama. Wajerumani waliitoa majini na kuitawanya katika vita vya nchi kavu. Mmoja wao ulipelekwa Kigoma, ukawekwa juu ya meli kubwa ya ziwa letu, Graf von Götzen. Hivyo habari za Rufiji zikafika mlangoni petu.

Eropleni nne za Tongwe

Wazee wetu walisimulia sana vita vya ziwa. Waingereza walileta mashua mbili za mwendo wa kasi, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kupita milima na mito. Tarehe 26 Desemba 1915 waliteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Ikabaki Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 70 na zaidi, ambayo mashua ndogo hazingeweza kuikabili kwa urahisi. Wabelgiji, waliotawala Kongo wakati ule, waliazima kwa Waingereza eropleni nne za kutua majini, aina ya Short. Kikosi chake kiliongozwa na afisa de Bueger, na mmoja wa marubani wake alikuwa kijana Aimé Behaeghe.

Tafadhali tufikirie njia ya mizigo ya siku zile. Kutoka Matadi hadi Léopoldville kwa gari la moshi; toka hapo hadi Stanleyville kwa meli ya mto; hadi Ponthierville kwa gari la moshi; hadi Kindu kwa meli tena; hadi Kongolo kwa gari la moshi; hadi Kabalo kwa meli; na mwishowe kutoka Kabalo hadi ziwani kwa njia ya reli iliyokuwa imefika kwetu mwaka 1915 tu. Safari ya vipande 7, na kila kipande mizigo yapakuliwa na kupakiwa upya. Makasha ya eropleni, yenye mabawa ya mbao nyembamba na kitambaa, yalipita katika mikono ya vibarua Wakongo ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni. Kama mmoja wao angaliangusha kasha na kunyamaza, rubani angalilipa deni hilo akiwa angani. Kufika kwa mizigo ile na kuruka kwa eropleni zile ni ushuhuda wa kazi yao.

Eropleni ya Short ilikuwa na viti viwili, na injini ya nguvu za farasi 150. Mabawa yake yalienea mita 16 na zaidi. Uzito wake pamoja na mzigo ulikuwa kilo 1,500 hivi. Mwendo wake haukupita sana kilomita 100 kwa saa. Mahali pa magurudumu palikuwa na maboya mawili makubwa, mfano wa mitumbwi iliyofunikwa. Ndiyo maana ziwa lenyewe lilikuwa adui. Wavuvi wetu wanajua kwamba miezi ya Juni na Julai ni miezi ya upepo wa kusini. Asubuhi maji yaweza kuwa shwari, na baada ya saa chache mawimbi yanavunja mitumbwi. Boya la eropleni likigongwa na wimbi kwa mwendo mkubwa hupasuka, ama nguzo zake hupinda. Kwa hiyo kituo kiliwekwa Tongwe, penye maji yaliyokingwa na mawimbi ya ziwa kubwa.

Mwezi Juni 1916 Behaeghe na wenzake waliruka kuvuka ziwa mpaka Kigoma, wakadondosha mabomu juu ya bandari na juu ya Graf von Götzen. Kutoka pwani yetu hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 100, yaani saa moja na zaidi juu ya maji, kwa injini moja. Kisha palikuwa na kurudi, na baada ya kurudi palikuwa na kutua. Rubani aliyeponea risasi alikuwa bado hajamaliza kazi mpaka maboya yaguse maji polepole.

Mwezi uliofuata Wajerumani waliiacha Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha Graf von Götzen wenyewe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi wao, kabla ya kuizamisha, walipaka injini zake mafuta mazito, ili maji yasizile. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya, Liemba, ikabeba watu na mizigo ya ziwa hili kwa miongo mingi. Meli ile iliyopigwa mabomu ikaishi, kwa sababu watu fulani walitunza injini zake hata siku ya kushindwa.

Behaeghe hakuona hayo. Aliugua, akafa Niemba, katika njia ya reli ya Kabalo, tarehe 3 Desemba 1916. Miezi michache baadaye, tarehe 21 Julai 1917, Mhashamu Askofu Roelens alimpa Stefano Kaoze daraja takatifu ya Upadre, wa kwanza katika Kongo. Mambo hayo mawili yalitokea katika nchi moja, karibu wakati mmoja. Wazee waliosikia ngurumo ya injini juu ya ziwa ndio walioweza kusikia pia habari ya Misa ya kwanza ya Padre Mkongo.

Pigo hupita wapi?

Sasa tueleze kutua kwa kishindo ni nini, maana wengi wetu hudhani kwamba eropleni ikisimama nzima baada ya kishindo, basi ni nzima.

Mtu akiruka kutoka juu ya lori hukunja magoti. Asipoyakunja, pigo humpanda kiunoni na mgongoni, hata meno yakagongana. Eropleni nayo ina magoti yake. Nyingine zina miguu ya chuma cha pua kinachopinda na kurudi. Nyingine zina bomba lenye mafuta na hewa, ambalo hubonyea polepole. Kazi ya magoti hayo ni kumeza nguvu ya pigo. Lakini yana kipimo chake. Kanuni za Marekani zilizotumika miaka mingi kwa eropleni ndogo ziliagiza miguu iweze kuvumilia mwendo wa kushuka wa mita 2 hadi 3 kwa sekunde, kwa kadiri ya uzito na ukubwa wa mabawa. Mita 3 kwa sekunde ni mwendo wa kitu kilichoangushwa kutoka kimo kisichofika nusu mita, kama kiti cha jikoni. Hapo ndipo mwisho wa deni ambalo mtengenezaji amekubali kulilipa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwendo wa kushuka ukizidi mara mbili, nguvu ambayo miguu yapaswa kuimeza haizidi mara mbili. Yazidi mara nne. Ukizidi mara tatu, nguvu yazidi mara tisa. Kwa hiyo kati ya kutua vizuri na kutua kwa hatari pana nafasi ndogo kuliko tunavyofikiri.

Nguvu ambayo miguu haikuimeza huenda wapi? Haipotei. Yapanda kutoka gurudumu hadi mguu, kutoka mguu hadi mahali ulipofungwa katika mwili wa eropleni, na kutoka hapo hadi mihimili ya mabawa. Mabawa ni mazito, hasa yakiwa yamejaa petroli. Mwili ukisimama ghafula, mabawa hutaka kuendelea kwenda chini, kama mikono ya mtu aliyebeba ndoo mbili akikanyaga shimoni. Katika eropleni za mbao kama zile za Tongwe, pigo lililegeza nyaya, likapinda nguzo, likafungua viungo vya gundi. Basi fundi alipaswa kupima nyaya moja moja na kuyarudisha mabawa katika msimamo wake. Maji nayo hayana huruma. Kwa mwendo ule uso wa maji ni mgumu kama udongo. Yakitulia kama kioo, ambavyo mtu angedhani ni heri, rubani hushindwa kupima kimo chake, akajikuta amefika chini kabla ya wakati.

Katika eropleni za bati la aluminiamu pigo huacha alama nyingine: bati hukunjamana, ribiti hulegea, nguzo zinazoishika injini hupinda. Mara nyingi jambo huanza hivi. Eropleni yapiga chini, yaruka. Rubani ashikwa na hofu, asukuma pua ielekee ardhini ili chombo kitulie. Hapo mguu wa mbele, ulio dhaifu kuliko ya nyuma, ndio upatao pigo, na ukuta ulio kati ya injini na abiria hupinda. Dawa iliyo salama ni kuongeza nguvu ya injini, kurudi angani na kuzunguka ili kujaribu tena. Lakini kurudi angani mbele ya macho ya watu kwaonekana kama kukiri kosa, na wengine huona afadhali kuvunja mguu wa eropleni kuliko kukiri.

Chuma nacho huchoka

Baada ya vita watu waliamini kwamba madini yangemaliza udhaifu wa mbao. Edmond Thieffry, Mbelgiji aliyejulikana sana kwa ushujaa wa vita, aliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Zilikuwa siku 51, na saa alizokuwa angani hazikupita sana 75. Siku nyingine zote zilikwenda katika kungoja na kutengeneza. Mwaka 1929 alirudi Kongo kujaribu njia za anga za ndani, safari hiyo kwa eropleni ya madini mepesi. Tarehe 11 Aprili alianguka akafa, karibu na ziwa letu. Madini yalikuwa maendeleo makubwa, lakini hayakuondoa mauti.

Tena madini yana ugonjwa wake, nao ni uchovu. Chukua waya, uupinde mara moja: haukatiki. Upinde mara kumi: wakatika, ingawa mkono wako haukuongeza nguvu. Kila mpindo ulianzisha au uliongeza ufa mdogo ndani. Mihimili ya bawa la eropleni huchoka namna hiyo, kwa mitikisiko ya hewa na kwa kutua mara nyingi.

Mfano wa kusikitisha ulitokea Marekani, huko Daytona Beach, katika jimbo la Florida, tarehe 4 Aprili 2018. Eropleni ndogo aina ya Piper, iliyotumika kufundishia marubani, ilipoteza bawa lake la kushoto ikiwa yapanda baada ya kugusa kiwanja. Mwanafunzi na mtahini wake walikufa. Eropleni hiyo haikuwa kuukuu. Ilikuwa na miaka kama kumi tu. Lakini ilikuwa imetua zaidi ya mara 33,000. Wachunguzi wa serikali walikuta ufa katika mhimili wa bawa, ulioanzia kwenye tundu la bolti, ukala chuma siku kwa siku, mpaka kilichobaki hakikuweza kubeba bawa. Ufa huo ulikuwa mahali ambapo jicho halifiki katika ukaguzi wa kawaida. Wakatazama eropleni nyingine ya kundi lilelile, wakakuta ufa kama huo umekwisha anza. Ndipo ikaagizwa kuchunguza mihimili ya eropleni nyingi za aina hiyo, kwa kuhesabu jinsi zilivyotumika.

Tuone vizuri jambo hili. Huko Florida hapakuwa na mtu aliyeficha ufa, ulijificha wenyewe. Ikiwa ufa waweza kuua hata pale ambapo hakuna aliyesema uwongo, je, itakuwaje pale ambapo rubani ajua kwamba alipiga chini kwa nguvu, naye anyamaza? Eropleni haivunjiki siku ile. Yaruka kesho, na kesho kutwa. Rubani mwingine aipokea, asijue neno. Mama mwenye mtoto mgonjwa apanda, asijue neno. Siku ya upepo mkali, pigo la mwezi uliopita ladai malipo yake kwa mtu ambaye hakuwamo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema pia: mficha maradhi kifo humuumbua. Katika habari ya eropleni, kifo huwaumbua na wasioficha.

Sehemu yetu sisi abiria

Labda msomaji atasema, haya ni mambo ya marubani na mafundi. Sisi waumini wa parokia yatuhusu nini? Yatuhusu sana.

Kwanza, sisi ndio tunaomharakisha rubani. Tunapomnung'unikia fundi aliyelala chini ya eropleni, twamfundisha kwamba mara nyingine afunge macho. Mkubwa mwenye safari ya haraka, mfanyabiashara mwenye bidhaa, hata sisi wenye vitabu vya watoto wa Komunyo ya Kwanza, twaweza kuwa sauti inayomwambia fundi anyamaze. Rubani yule aliyesema mbele ya watu, “Nimetua vibaya,” alikuwa na ujasiri kuliko sisi sote tuliokuwa tumekaa kivulini tukilalamika. Alijua atachekwa. Alijua labda ataulizwa na wakubwa wake. Akasema hata hivyo.

Pili, kuna habari ya mizani. Nani katika nchi yetu hajaona mtu akipunguza uzito wa mzigo wake kwa maneno? Mfuko wa ndakala waandikwa kilo 20, kumbe una 35. Mwingine avaa makoti mawili, mifuko imejaa vitu vizito. Twacheka, twaona ni ujanja. Lakini eropleni haisomi karatasi. Yabeba uzito wa kweli, na inapotua, miguu yake yapokea uzito wa kweli. Kilo zilizofichwa na kila abiria hujumlishwa wote wakiwa angani. Amri ya Mungu ya kutosema uwongo haikuacha nje sehemu ya mizani.

Tatu, tuwaheshimu mafundi. Huyo kijana mwenye nguo za mafuta, ambaye hatumjui jina, ndiye anayeshika roho zetu mkononi kabla hatujapanda. Kama vibarua wale waliobeba makasha kutoka Matadi hadi ziwani, jina lake halitaandikwa. Tumshukuru anapotuchelewesha.

Hatusemi kwamba watu waache eropleni. Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, aliyekuwa rubani wakati wa vita, alikuwa na rafiki, Padre Otto Fuhrmann, mmisionari kusini mwa Afrika. Fuhrmann aliugua mbali na daktari, akafa kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi hospitali. Kwa uchungu huo Schulte alianzisha mwaka 1927 chama cha MIVA, cha kuwapatia wamisionari motokaa, mashua na eropleni. Sisi wa Tanganyika twajua alivyoona sawa. Wamisionari wa kwanza wa Mpala walitembea kwa miguu na kwa mitumbwi, na makaburi yao ni mengi. Eropleni ni zawadi. Lakini zawadi hiyo yadai ukweli wa wale wanaoitumia.

Mama wa Loreto

Tarehe 24 Machi 1920, miaka minne baada ya eropleni za Tongwe kuvuka ziwa, Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wanaosafiri angani. Mapokeo husema kwamba nyumba ya Nazareti ilichukuliwa na malaika kupitia angani mpaka Loreto, katika nchi ya Italia; ndiyo sababu marubani wakapewa Mama huyo. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza kumbukumbu yake ya tarehe 10 Desemba iandikwe katika kalenda ya Kanisa lote.

Twaona inafaa tumwombe tunapofunga mkanda, na tumwombee rubani pia, na fundi wake. Lakini sala haituondolei kazi. Anayemwomba Mama wa Loreto huku ameficha kilo 15 katika mfuko wake, amwomba azibe ufa anaoufanya mwenyewe.

Seminarini tulifundishwa kuchunguza dhamiri kila jioni kabla ya kulala. Wakati ule tulidhani ni desturi ya vijana watakaokuwa Mapadre. Tangu siku ile ya kiwanja cha udongo twaifikiri kwa namna nyingine. Fundi yule aliyejilaza chini ya eropleni, akapitisha kidole juu ya kila ribiti, alikuwa akifanya kazi ya namna hiyohiyo. Hakungoja mpaka mguu uvunjike. Alitafuta kunyanzi lililo dogo, siku ile ile ya pigo, wakati ambapo bado lilikuwa kazi ya nyundo na bati jipya.

Siku ya tatu eropleni ilitengenezwa, tukaondoka. Watoto walikuwa bado wakitungoja, na mafundisho hayakupungukiwa kitu. Kabla ya kupanda tulimwendea fundi, tukamwomba msamaha kwa manung'uniko yetu. Alicheka, akafuta mikono yake kwa kitambaa, akatuuliza kama mizigo yetu tumeipima kweli. Tulirudi tukaipima tena.